Mgeni Alikuja, Mwenyeji Akaugua

Leo tunakwenda mbali, kusini-mashariki mwa Australia, kwenye mto Murray. Nakupeleka huko kwa sababu lipo swali ambalo watu wa maziwa na mito wanaulizana kila mahali, na Waaustralia wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 50. Samaki mgeni akiingia mtoni, akazaana mpaka akawazidi wenyeji, je, samaki mwenyeji mwenye mdomo mpana anaweza kumla akammaliza?

Jibu fupi ni kwamba kumla atamla, kummaliza hatammaliza. Na hata huko kumla kunategemea kama sisi binadamu tumemwachia huyo mwenyeji mahali pa kuishi. Jibu refu ndilo lililonileta hewani jioni hii.

Kwanza mahali penyewe. Mto Murray una urefu wa kilomita 2,500 hivi, na pamoja na ndugu yake, mto Darling, unakusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Hiyo ni sehemu moja kati ya saba za Australia yote. Kingo zake zimeota mikaratusi, na aina yenyewe ni ileile ambayo huku Afrika Mashariki tumeipanda kwa ajili ya kuni na nguzo. Kule ni mti wa asili, unasimama na miguu majini wakati wa mafuriko, na ukizeeka huangukia mtoni. Tafadhali weka akilini hilo la miti kuangukia mtoni, maana tutalirudia.

Mwenyeji wa mto huo ni samaki ambaye Waaustralia humwita Murray cod. Mvuvi wa Kilwa au Lamu akimwona atasema huyu ni chewa: kichwa kipana, mdomo mkubwa, mwili mnene wenye madoadoa ya kijani. Basi nami nitamwita chewa wa Murray, ijapokuwa huyu ni wa maji baridi na hajui bahari. Aliyevunja rekodi alifikia urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 113. Anaweza kuishi miaka 48. Wangarrindjeri, wenyeji wa asili wa sehemu za chini za mto, wana masimulizi ya shujaa Ngurunderi aliyemfukuza chewa mkubwa kwa mtumbwi. Kila chewa alipopiga mkia, ukingo ulibomoka, na ndivyo mto ulivyopata mizingo yake. Kwa watu hao samaki huyu si kitoweo tu, ndiye aliyeuchonga mto.

Chewa hawindi kwa kukimbizana. Hukaa ndani ya gogo lenye uwazi au chini ya kisiki, ametulia, mapezi ya kifuani yakipunga polepole. Samaki mdogo akipita karibu, chewa hufungua mdomo na mashavu kwa mpigo mmoja, maji yanavutwa ndani kwa nguvu, na yule mdogo anakwenda nayo. Hatafuni. Meno yake ni madogo kama msasa, kazi yake ni kushika, kisha anameza mzimamzima. Hula samaki, kamba wa mtoni, vyura, na akiwa mkubwa hata bata. Wataalamu wakipasua matumbo ya chewa hukuta humo wageni wa kila namna, akiwamo yule mgeni mkuu tunayemzungumzia.

Mgeni huyo ni kapi, samaki wa asili ya Ulaya na Asia. Alifikishwa Australia katika karne ya 19, na kwa miaka mingi alikaa kwenye madimbwi na mabwawa bila kuleta kishindo. Mambo yaligeuka miaka ya 1960. Kapi wa mbegu nyingine, waliotoka kwenye shamba la samaki la Boolarra katika jimbo la Victoria, waliingizwa kwenye maji ya Murray karibu na mji wa Mildura. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya miaka ya 1974 na 1975. Maji yalipounganisha mito, vijito na vidimbwi, kapi akapita kote. Leo ziko sehemu za bonde hilo ambapo ukipima uzito wa samaki wote kwa pamoja, asilimia 80 au zaidi ni kapi.

Anavyokula ndivyo anavyoharibu. Midomo yake hujitokeza mbele kama mrija. Anafyonza tope la chini, analichambua kinywani, anabaki na minyoo, wadudu na mbegu, na tope lingine analitema au kulitoa kwa mashavu. Kapi mmoja akifanya hivyo si tatizo. Wakifanya hivyo maelfu kwa maelfu, majani ya majini yanang'oka, na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Haki itendeke hapa: lawama ya tope si ya kapi peke yake. Ng'ombe na kondoo waliokanyaga kingo, misitu iliyofyekwa na mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni vimechangia sana. Lakini kapi amefanya jambo baya liwe baya zaidi.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye mto Murray mgeni alikuja, na mwenyeji akazidi kuugua. Nasema akazidi, kwa sababu alikuwa mgonjwa tayari kabla kapi hajapiga hodi.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Meli za mvuke zilianza kupanda mto Murray mwaka 1853, zikibeba sufu na unga. Manahodha walichukia magogo yaliyolala majini, maana yalitoboa meli. Basi serikali za majimbo zikaanza kuyang'oa, na kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya karne moja, hata meli zilipokwisha kusahaulika, kwa imani kwamba mto uliosafishwa hupitisha maji vizuri. Kumbe gogo ndiyo nyumba ya chewa. Humo ndimo anamovizia. Humo pia ndimo jike hutaga mayai yanayonata kwenye mti, na dume hubaki kuyalinda akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Ukiondoa gogo umeondoa kitanda, jiko na chumba cha uzazi kwa pamoja.

Wakati huohuo wavuvi wa biashara walikuwa wakivua chewa kwa tani na tani na kumpeleka kwenye masoko ya miji. Kisha yakaja mabwawa. Bwawa la Hume lilikamilika mwaka 1936, la Dartmouth mwaka 1979. Bwawa refu likifunguliwa kutoka chini, hutoa maji ya kilindini, na maji hayo ni ya baridi kali hata wakati wa kiangazi. Chewa hutaga wakati wa machipuko, maji yanapopata joto la nyuzi 15 na kuendelea. Maji yakibaki baridi, hatagi. Kwenye mto Mitta Mitta, chini ya bwawa la Dartmouth, chewa alitoweka. Hakuvuliwa wala hakuugua. Alikosa joto tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, kapi alipofika na mafuriko ya miaka ya 1970 alikuta nyumba haina mwenyewe. Paka akiondoka panya hutawala. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kapi ndiye aliyemfukuza chewa. Ukifuata tarehe utaona chewa alikuwa amekwisha kupungua sana, na kapi akajaza nafasi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuseme chewa amerudi kwa wingi. Ataweza kumdhibiti kapi?

Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya kubuni ila yenye mantiki ya kweli. Kapi jike mkubwa anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni moja. Ili idadi ya kapi isiongezeke wala kupungua, inatosha kila jike na dume waache watoto wawili tu wa kuwarithi. Sasa chukua mayai milioni. Kila kiumbe mtoni akila sehemu yake, samaki, ndege, wadudu wa majini, mpaka asilimia 99.9 ya watoto wa kapi wakaliwa, bado watabaki 1,000. Elfu moja kutoka kwa mama mmoja, kwa kutaga mara moja. Ndiyo maana mtu akikwambia kwamba amemwona chewa mwenye kapi sita tumboni, mpe hongera chewa, lakini usidhani vita vimekwisha.

Ugumu wa pili ni mdomo. Samaki anayemeza bila kutafuna hupimwa kwa upana wa koo lake. Kapi hukua haraka, na mwili wake umeinuka mgongoni, si mwembamba kama dagaa. Chewa wa nusu mita atawameza kapi wachanga bila shida, ila kapi wa kilo mbili tatu anapita mbele yake bila wasiwasi. Anayeweza kumtisha kapi wa namna hiyo ni chewa wa mita moja na zaidi, yaani samaki wa miaka mingi. Na samaki wa umri huo ndio ambao wavuvi waliwamaliza kwanza.

Ugumu wa tatu ni wa mahali. Kapi hupenda kuzaana kwenye maji ya kina kifupi yaliyofunika nyasi, kwa mfano katika msitu wa Barmah na Millewa, ambako Murray hufurika na kuingia katikati ya mikaratusi. Watoto wa kapi wanakulia humo. Chewa hapendi kwenda huko, yeye ni wa mkondo mkuu, wa vilindi na magogo. Kwa hiyo katika siku ambazo kapi ni mdogo, laini na mwepesi kuliwa, mlaji wake yuko mtaa mwingine. Wanakutana maji yanapopungua, na kapi waliokwisha kupata ukubwa wanateremka kuingia mtoni.

Ukiyaweka yote matatu pamoja unaona kwamba chewa ana mlango mmoja mwembamba: kapi akiwa bado mchanga, na akiwa amefika mahali chewa alipo. Lakini mlango mwembamba si ukuta. Kapi aliyeliwa mwaka wa kwanza hatagi mwaka wa tatu. Na ule mwaka ambao mvua ni chache, kapi wakazaana kidogo, meno ya chewa yanaweza kuamua kama kizazi hicho kitakuwa cha mamia au cha maelfu. Mlaji mwenyeji hachoki, halipwi posho, na haendi likizo. Kazi yake ni kuwapunguzia kasi wageni ili njia nyingine zipate nafasi ya kufaulu.

Na njia nyingine zipo. Pale penye ngazi za samaki, yaani njia za kuwavusha samaki kwenye malango ya mto, Waaustralia wamebuni mtego wa werevu. Waligundua kwamba kapi akikuta kizuizi huruka juu, lakini samaki wenyeji hawaruki, hutafuta njia chini. Wakatengeneza kizimba ambacho arukaye hujitia chumba cha wafungwa, na asiyeruka hupita zake. Kapi wanaovuliwa husagwa kuwa mbolea ya bustani. Mwaka 2016 serikali ya shirikisho ilitenga dola milioni 15 za Australia kuandaa mpango wa kitaifa, ikiwamo kuchunguza kama kirusi kinachoshambulia kapi kinaweza kuachiwa mtoni. Utafiti ukafanyika, ripoti zikatoka, na mjadala haujaisha, maana kirusi kikiua tani elfu na elfu za samaki kwa wiki chache, maiti hizo zikaoza majini, oksijeni itakwenda wapi?

Swali hilo la oksijeni si la nadharia. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, kwenye mto Darling karibu na mji mdogo wa Menindee, samaki walikufa kwa mamia ya maelfu. Mto ulikuwa umekauka na kuwa vidimbwi vya maji ya kijani, mwani ukafa, hewa majini ikaisha. Picha zilizozunguka dunia ziliwaonyesha watu wamesimama mtoni wakipakata chewa waliokufa, samaki wakubwa mno, wa umri wa miongo kadhaa. Chewa walivumilia ukame mwingi maishani mwao, huo ukawashinda. Kapi anastahimili maji yenye hewa haba kuliko chewa. Kwa hiyo kila binadamu anapouharibu mto, anayeumia kwanza ni mlinzi, na anayebaki ni yule yule tuliyetaka aondoke.

Je, kuna habari njema? Ipo, na haikutokana na kuleta kiumbe kipya. Ilitokana na kurudisha vilivyoondolewa. Kati ya bwawa la Hume na mji wa Yarrawonga, mamlaka za mto zilirudisha magogo majini, zaidi ya 4,000. Hebu fikiria yule nahodha wa meli ya mvuke angesema nini: badala ya kung'oa magogo, sasa mitambo ya kuinua vitu vizito inanyanyua shina zima la mkaratusi pamoja na mizizi yake, inalipeleka katikati ya mkondo na kulilaza chini taratibu. Chewa wakaingia. Walipohesabiwa kwa miaka kadhaa iliyofuata, walikuwa wameongezeka sana katika kipande hicho.

Sheria nazo zikabadilika. Uvuvi wa biashara wa chewa ulifungwa. Kwa mvuvi wa mshipi, majimbo ya New South Wales na Victoria yaliweka utaratibu ambao napenda ufikiriwe na watu wetu wa uvuvi: samaki unayeruhusiwa kumchukua awe na urefu wa kati ya sentimita 55 na 75. Mdogo zaidi ya hapo, mrudishe, hajazaa. Mkubwa zaidi ya hapo, mrudishe pia. Sisi tumezoea kanuni ya kumlinda mdogo tu, na mkubwa tukimpata tunapiga picha, tunaita majirani. Kanuni ya kule inamlinda na mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye mzazi mwenye mayai mengi, na kama tulivyoona, ndiye peke yake mwenye mdomo wa kumtosha kapi aliyekomaa. Na kuanzia Septemba hadi Novemba, chewa anapotaga, hakuna ruhusa kumvua mitoni humo.

Najua, msikilizaji wangu wa Mwanza, Kisumu au Entebbe, muda wote huu unawaza sangara. Una haki. Ziwa Viktoria tulifanya kinyume kabisa. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa ziwani akiwa mgeni, naye ndiye mlaji. Waliomtaka walimwona furu kuwa samaki mdogo asiye na thamani, wakaona heri aliwe na samaki mkubwa atakayeuzika. Biashara kweli ikaja, viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege. Lakini aina nyingi za furu, kwa mamia, zilitoweka ndani ya muda ambao mtoto huzaliwa na kumaliza shule. Sangara huyo huyo kule Ziwa Turkana na kwenye mto Nile ni mwenyeji, na ameishi na majirani zake maelfu ya miaka bila kuwafuta. Walikua pamoja. Windo linajua kujificha, na mlaji ana mipaka yake. Ndiyo tofauti kati ya kumtunza mlaji wa nyumbani na kuagiza wa nje.

Kapi mwenyewe pia si mgeni kwetu. Ziwa Naivasha, nchini Kenya, alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya miaka michache akawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa. Pale hakuna mlaji mkubwa wa asili wa kumngoja, na wavuvi wameamua kumla wao. Ni busara yao, maana familia zinakula na ada za shule zinalipwa, na hakuna mtu wa kuwalaumu.

Mito ya mashariki mwa Tanzania ina shauri lake. Wami na Ruvu imepokea sato waliohamishwa kutoka mabonde mengine kwa ajili ya ufugaji, nao huchanganya damu na perege wa asili wa mito hiyo. Mtu anaweza kuniambia, basi tumwachie kambare kazi, si ni mwenyeji na anakula samaki? Kambare atakula, ila hachagui. Hawezi kuwatenga sato na perege, wote kwake ni chakula cha usiku. Pale uharibifu unapopita kwenye damu, mlaji hana msaada, na dawa pekee ni kuhakikisha kifaranga mgeni hafiki mtoni: mabwawa ya kufugia yajengwe mbali na mkondo wa mafuriko, na mfugaji apewe vifaranga vya samaki wa bonde lake.

Basi mimi nasema hivi. Siku ukisikia kwenye kikao cha kijiji au warsha ya mjini mtu akipendekeza kwamba tuleteni samaki fulani amle samaki fulani, inua mkono. Uliza kwanza: hapa palikuwa na mlaji gani? Yuko wapi? Nani alimvua, nani alikata miti ya ukingoni aliyojificha chini yake, nani alifunga maji aliyotagia? Majibu ya maswali hayo yanapatikana kwa wazee wa uvuvi hapo hapo kijijini, hayahitaji ndege. Waaustralia walitumia karne nzima kuondoa magogo na sasa wanalipa fedha nyingi kuyarudisha, na chewa, kwa subira yake, amewapa kiasi cha msaada anachoweza kutoa samaki. Kilichobaki, yaani maji kuachiwa yakiwa na joto lake, mto kutokamuliwa mpaka kukauka, mkubwa kurudishwa majini, ni kazi ya watu. Hiyo hatuwezi kumsukumia samaki.